Chama cha Wenyeji wa Mtaa: Somo la Jaa la Tabata

Katika somo letu la leo twataka kueleza habari za vyama vya wenyeji, yaani vile vyama ambavyo watu wakaao katika mtaa mmoja au kijiji kimoja huviunda ili kupatengeneza mahali pao pa kukaa, na kusema kwa kinywa kimoja mbele ya serikali. Tumeona yafaa kuyaandika haya kwa kuwa vyama vya namna hii huanzishwa kwa furaha kubwa, na vingi hufa kabla ya mwaka kwisha. Na vifapo, watu husema, "Tulijua tangu mwanzo kwamba havina faida." Sisi hatulikubali neno hilo. Chama hakifi kwa sababu ni chama. Hufa kwa sababu wenyewe hawakujua kazi yake ni nini, wala njia yake ni ipi.

Mifano yetu tutaitoa katika mji wa Dar es Salaam. Huenda msomaji akaaye shamba akasema, "Hayo ni mambo ya mjini, sisi yatuhusu nini?" Tunamsihi asiligeuze ukurasa upesi. Mjini ugomvi ni juu ya takataka na mifereji. Shamba ni juu ya kisima, na daraja, na njia ya ng'ombe, na josho. Majina ni mbalimbali, lakini jambo ni moja: watu wengi wanatumia mahali pamoja, na mtu mmoja peke yake hawezi kupalinda.

1. Chama ni nini, na si nini

Kwanza yatupasa kutenga vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Katika Tanzania kila kijiji kina Halmashauri yake, nayo ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na juu yake uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa watu wazima wote wa miaka 18 na zaidi. Mjini kila mtaa una mwenyekiti wake aliyechaguliwa na watu. Hivyo ni vyombo vya serikali, vimewekwa kwa sheria, na wajibu wao hauondoki hata kama watu wamelala.

Chama cha wenyeji si hivyo. Hicho ni kitu cha hiari. Hakina amri juu ya mtu, wala askari, wala kodi. Nguvu yake ni tatu tu: wingi wa watu wake, ukweli wa maneno yake, na subira yake. Likipungua moja katika hayo matatu, chama huwa kama chungu kilichopasuka. Chaonekana ni chungu, lakini maji hakikai.

Wala chama hakikuwekwa kushindana na mwenyekiti wa mtaa au wazee wa kijiji. Wazee wengine wakisikia wenyeji wamekutana, hudhani kwamba wanapinduliwa. Sivyo. Mzee mwenye akili hufurahi, maana akienda mbele ya wakubwa wa wilaya akasema, "Mimi naona hivi," neno lake ni la mtu mmoja. Bali akienda na hati yenye majina ya watu mia tatu, neno lake lina uzito mwingine.

2. Habari ya jaa la Tabata

Sasa tutazame jambo lililotokea kweli. Tabata ni sehemu ya Dar es Salaam, upande wa magharibi ya katikati ya mji. Hapo ndipo Halmashauri ya Jiji ilipokuwa ikimwaga takataka za mji. Na watu walikuwa wakikaa hapo hapo, wana nyumba zao na watoto wao. Takataka zilioza, zikatoa harufu mbaya. Zilishika moto, na moshi wake ukaingia majumbani. Watu wakapata taabu ya kuvuta pumzi. Nzi nao wakazidi.

Wenyeji wa Tabata wangaliweza kufanya mojawapo ya mambo mawili ambayo watu wenye hasira huyafanya. La kwanza, kunyamaza na kunung'unika uani. La pili, kutoka na mawe kuyapiga magari ya taka. Hawakufanya la kwanza wala la pili. Mwaka wa 1988 walikwenda Mahakama Kuu, wakaishtaki Halmashauri ya Jiji.

Tarehe 1 Septemba 1988 Mahakama Kuu ikatoa amri kwamba Halmashauri iache kumwaga takataka Tabata, na itengeneze jaa mahali ambapo halitawadhuru watu wakaao karibu. Msomaji atadhani kwamba hadithi imekwisha hapo. La, ndiyo kwanza ilianza. Halmashauri iliomba muda, ikapewa. Muda ulipokwisha, iliomba tena. Hivyo miaka ikapita, na magari ya taka yakawa bado yanakuja, ingawa amri ilikuwa imekwisha andikwa na kutiwa muhuri.

Basi ilipofika mwaka wa 1991, Halmashauri ilikuja mara nyingine kuomba muda, na shauri likawa mbele ya Jaji Lugakingira. Yeye alikataa. Alistaajabu kwamba mamlaka ya umma yaja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mahali wakaapo watu na kuhatarisha maisha yao. Akaonyesha kwamba jambo hili lagusa haki ya kuishi, ambayo imeandikwa katika ibara ya 14 ya Katiba. Haki za namna hii ziliingizwa katika Katiba mwaka wa 1984, na mwezi wa Machi 1988 ndipo zilipoanza kutumika mahakamani. Kwa hiyo watu wa Tabata walikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuushika ufunguo huo mpya na kuujaribu katika kufuli.

Tunataka walimu wawaonyeshe wanafunzi wao jambo hili: haki ya kuishi haimaanishi tu kwamba mtu asiuawe kwa upanga. Avutishwaye moshi wa takataka kila siku, naye anapunguziwa uhai, ingawa polepole. Fikira hiyo leo yaonekana nyepesi, lakini ilihitaji watu wa mtaa mmoja kuipeleka mbele ya jaji na kuishikilia kwa miaka mitatu.

3. Takataka zilikwenda wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Watu wa Tabata walishinda. Lakini takataka za mji mkubwa haziyeyuki kama umande kwa sababu jaji amesema neno. Zilikwenda wapi?

Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, upande wa kaskazini, karibu na pwani. Na huko nako wanakaa watu. Harufu ile ile, moshi ule ule, nzi wale wale. Mwaka huo huo wa 1991 watu wa Kunduchi nao walikwenda Mahakama Kuu. Katika shauri lao jina la mtu mmoja lilitangulia, na nyuma yake wakasimama wenzake 794. Wasomaji na waitazame hesabu hiyo vizuri. Mtu mmoja aliyelalamika ni mtu mwenye kelele. Watu 795 waliotia majina yao ni mtaa mzima. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa twaona maana yake.

Watu wa Kunduchi waliomba mambo matatu. La kwanza, ile hukumu ya Halmashauri ya kumwaga takataka kwao ifutwe. La pili, Halmashauri ikatazwe kuendelea. La tatu, Halmashauri ishurutishwe kutengeneza jaa mahali pafaapo na kulitumia hilo. Jaji Rubama aliwapa maombi yao. Nasi twawasifu hasa kwa ombi lile la tatu, maana hawakusema tu, "Ondoeni hapa," bali walisema pia, "Timizeni kazi yenu kama ipasavyo."

Hata hivyo, takataka ziliendelea kuhama. Zilikwenda Vingunguti, mtaa wenye watu wengi karibu na bonde la Msimbazi. Baadaye zikaenda Mtoni, upande wa Temeke. Kisha zikapelekwa Pugu Kinyamwezi, mbali zaidi na mji. Kila zilipohama, palikuwa na watu waliopumua, na watu walioanza kuziba pua.

Sisi hatuwalaumu watu wa Tabata hata kidogo. Walikuwa wakiokoa watoto wao. Wala hatusemi kwamba Halmashauri ilikuwa na kazi rahisi; mji uliokua upesi namna ile ulikuwa na takataka nyingi na magari machache. Lakini kuna methali isemayo, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Chama ambacho neno lake lote ni "si hapa kwetu" kimefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza, "Basi ni wapi? Na watu wa huko wameulizwa?" Asiyeuliza swali hilo humtupia jirani mzigo wake, na jirani naye atautupa mbele, na mwisho wake mzigo hukaa juu ya mabega ya yule asiyejua kuandika barua. Hiyo si haki, ingawa kila mtu ameshinda shauri lake.

Na tena kuna swali la tatu, ambalo ni karibu nasi kuliko yote: "Je, sisi wenyewe twatoa takataka ngapi, na nani azichukua?" Katika miaka ya 1990 Halmashauri iliacha kuichukua peke yake kazi ya kuzoa takataka, mwaka wa 1994 ilianza kuwapa makandarasi baadhi ya sehemu za katikati ya mji, na baadaye vikundi vya wenyeji navyo vikapewa kazi hiyo katika kata zao. Hapo watu waliona kwamba mlalamikaji aweza pia kuwa mtenda kazi.

4. Habari ya Hanna Nassif

Ili tusidhani kwamba kazi ya chama ni mashauri ya mahakamani tu, twatoa mfano wa pili, nao ni wa mtaa wa Hanna Nassif katika Kinondoni. Mtaa huu uko ukingoni mwa bonde la Msimbazi, nao ulijengwa pasipo ramani. Kila mvua kubwa iliponyesha, maji yalijaa njiani na majumbani, vyoo vya shimo vikafurika, na maji yaliyosimama yakazaa mbu.

Wenyeji walichagua chama chao cha maendeleo. Kuanzia mwaka wa 1994, pamoja na serikali, na Chuo cha Ardhi, na Shirika la Kazi la Kimataifa na wasaidizi wengine, walianza kuchimba mifereji ya maji ya mvua na kutengeneza njia. Jambo la kutazamwa ni hili: kazi haikupewa kampuni kubwa yenye mashine, ikaja ikaondoka. Kazi iliwekwa mikononi mwa wenyeji wenyewe, wanaume kwa wanawake, nao wakalipwa ujira wao. Kwa hiyo fedha iliyokuja kwa ajili ya mtaa ilibaki mtaani, na pamoja na fedha ulibaki ujuzi. Mfereji ukiziba, yuko mtu pale pale ajuaye ulivyojengwa.

Msomaji na afikiri pia juu ya ugumu wake. Mahali palipojengwa pasipo ramani, mfereji hauna budi kupita uani mwa mtu. Mgeni wa serikali akija na kamba ya kupimia, mwenye ua atasimama mlangoni na fimbo. Lakini akija jirani yake, ambaye maji yale yale humwingilia chumbani, wakakaa wakazungumza, mara nyingi neno hupatikana. Kazi hiyo ya kuzungumza na mwenye ua haifanywi na karani wala mhandisi. Yafanywa na chama.

Tukiiweka Tabata upande mmoja na Hanna Nassif upande mwingine, twaona mikono miwili ya chama cha wenyeji. Mkono mmoja huzuia lile lidhurulo, mkono wa pili hujenga lile lifaalo. Mwenye mkono mmoja tu huweza kuishi, lakini hawezi kufunga mzigo vizuri.

5. Mambo yawapasayo wenye chama

Sisi tuliofanya kazi ya ukarani tumepokea barua nyingi za wenyeji. Tumeona nyingine zikishughulikiwa siku ile ile, na nyingine zikilala chini ya nyingine hata karatasi ikageuka rangi. Si kwamba nyingine zilikuwa na haki na nyingine hazina. Mara nyingi tofauti ilikuwa katika namna zilivyoandikwa. Kwa hiyo tunawapa wasomaji mashauri machache.

Kwanza, andika jambo moja katika barua moja. Mtu akiandika juu ya kisima, na mwalimu mlevi, na daraja, na kodi, vyote pamoja, barua yake hujibiwa na nani? Huyu asema ni ya yule, na yule asema ni ya huyu.

Pili, taja siku, mahali na kiasi. Usiandike, "Taka ni nyingi mno, tunakufa." Andika, "Tarehe fulani yalikuja magari 6. Moto ulianza jioni. Watoto 11 walipelekwa zahanati." Anayesoma hesabu hawezi kusema kwamba umeota. Na hesabu hiyo iwe ya kweli. Ukiongeza mtoto mmoja tu, na uongo ukagunduliwa, wale 11 wa kweli nao hawatasadikiwa.

Tatu, sema wazi unachotaka kifanyike, na nani akifanye. Malalamiko yasiyo na ombi ni kama mshale usio na shabaha.

Nne, weka nakala, na umtake mpokeaji atie sahihi na tarehe. Watu wa Tabata walihitaji miaka mitatu. Katika miaka mitatu viongozi hubadilika na makarani huhamishwa, na asiye na nakala huanza safari upya kila mara.

Tano, hesabu ya fedha isomwe mbele ya watu. Vyama vingi havikuuawa na serikali wala na maadui. Viliuawa na mfuko mmoja wa mhazini. Mchango wa shilingi mia uandikwe kama mchango wa shilingi laki.

Sita, wanawake wawe barazani. Nani ajuaye zaidi kwamba kisima kimekauka, kama si yule achotaye maji? Nani ajuaye kwamba moshi umemdhuru mtoto, kama si yule akeshaye naye usiku?

Saba, anzeni karibu kabla ya kwenda mbali: mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha kata, kisha wilaya. Katika kijiji Mkutano Mkuu hukutana kila miezi 3, na hapo ndipo mahali pa kwanza pa kusema. Mahakama ni mlango wa mwisho, nao una gharama. Lakini mjue kwamba mlango huo upo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka wa 2004, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kukaa katika mazingira safi na salama, na kwamba aweza kwenda mbele ya sheria haki hiyo ikivunjwa. Tena sheria hiyo hutaka kazi kubwa zichunguzwe madhara yake kabla ya kuanza. Basi mkisikia kwamba kiwanda au jaa linakuja kwenu, msingoje moshi. Ulizeni mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho

Enyi wazee wa vijiji na mitaa, mkiona watu wenu wamekutana chini ya mwembe na karatasi na kalamu, msiogope. Ogopeni siku ile ambapo watu wameacha kukutana, kwa kuwa wameona kwamba hakuna asikiaye. Nanyi walimu, mnao watoto ambao kesho watakuwa makatibu wa vyama hivyo. Wafundisheni kuandika barua yenye tarehe, kujumlisha hesabu pasipo kuficha, na kumkumbuka jirani wa upande wa pili wa kilima. Hayo matatu yakishikwa, chama hakitakufa kabla ya mwaka kwisha.

Maswali ya kujizoeza

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya Halmashauri ya Kijiji na chama cha wenyeji?
2. Watu wa Tabata walipata amri mwaka wa 1988. Kwa nini kazi yao haikuisha mwaka huo?
3. Watu wa Kunduchi waliomba mambo gani matatu? Lipi katika hayo lawafaa pia watu wa mitaa mingine, na kwa sababu gani?
4. Taja faida mbili za kuwapa wenyeji kazi ya kuchimba mfereji wao wenyewe.
5. Fikiri juu ya jambo moja lidhurulo kijiji chako. Andika barua fupi kwa yule apaswaye kulitengeneza, ukitaja siku, mahali, kiasi, na ombi lako. Kisha jiulize: wakinipa nitakacho, je, yuko jirani atakayeumia?